Kupingana Bila Kupigana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutofautiana Kazini

Kila mahali pa kazi pana vikao viwili. Cha kwanza kina ajenda, mwenyekiti na muhtasari. Cha pili huanza mlango ukishafungwa: kwenye ngazi, kwenye korido, kwenye kikundi cha simu ambacho bosi hayumo. Katika cha kwanza watu husema "naunga mkono hoja". Katika cha pili husema wanachofikiri. Maswali haya yametoka kwa watu wa vikao vyote viwili, na majibu yake karibu yote yanahangaikia jambo moja: namna ya kukirudisha kikao cha pili ndani ya kile cha kwanza.

Kupinga kunakojenga ni kupi, na kunatofautianaje na ubishi?

Anayejenga anataka kazi ifanikiwe; mbishi anataka ashinde. Kwa nje wanaweza kufanana kabisa, sauti ileile, mkono uleule ulioinuliwa. Njia nyepesi ya kuwatenganisha ni kuwauliza: kitu gani kitakufanya ubadili mawazo? Wa kwanza atakutajia. Nionyeshe hesabu za miezi sita, au nihakikishie kwamba fundi wa pili amepatikana, nami nitakubali. Wa pili atazunguka, kwa sababu hakuja kutafuta jibu.

Lugha nayo inatubana kidogo hapa. "Kupinga" kumekaa karibu mno na uadui: mpinzani, pingamizi, upinzani. Mtu akisema "napinga", wenzake hujiweka sawa kwenye viti kama wanaosubiri ngumi. Mimi hupendelea kusema "naona tofauti", na si kwa woga. Ndivyo mambo yalivyo: wewe umesimama pale unaona upande ule, mimi nimesimama hapa naona huu, na kitu tunachokitazama ni kimoja.

Amani kazini si jambo jema? Kwa nini tusikubaliane tu, kazi iende?

Amani ni njema, lakini ukimya ni kitu kingine. Wahenga walituambia kimya kingi kina mshindo mkuu, na walituambia pia funika kombe mwanaharamu apite. Ushauri wa pili unafaa kwa mgeni wa siku moja. Kazini mwanaharamu hapiti: ana dawati lake, na kesho asubuhi atakuwa hapo.

Kukubaliana haraka kuna maana mbili tu. Ama jambo lenyewe ni dogo na halina utata, basi vizuri, mwende mkale. Ama ni kubwa na watu hawajalifikiria, au wamelifikiria wakaamua kubaki nalo tumboni. Alfred Sloan, aliyeiongoza kampuni ya magari ya General Motors kwa miaka mingi, husimuliwa kwamba siku moja aliona kamati yake imekubaliana yote juu ya uamuzi mzito bila hata swali moja. Badala ya kufurahi, aliahirisha jambo hilo hadi kikao kijacho, ili wajumbe wapate muda wa kutofautiana na pengine wa kuelewa uamuzi wenyewe unahusu nini.

Je, kuna mifano halisi ya ukimya kuleta madhara, au ni nadharia tu?

Mifano ipo, na mingi imerekodiwa hadi sekunde, kwa sababu ilitokea mahali penye vinasa sauti.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya kugongana kwa ndege iliyoua wengi zaidi. Kulikuwa na ukungu. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mkongwe na mkufunzi wa marubani wa kampuni yake. Alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kwamba hawajapata ruhusa ya kuruka, naye akasimamisha. Muda mfupi baadaye alianza tena. Safari hii msaidizi hakumzuia. Injinia aliyekaa nyuma yao, akiwa amesikia mawasiliano ya redio, aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am, ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo. Injinia hakuuliza tena.

Tazama lile neno "aliuliza". Hakusema "simamisha". Alikuwa na wasiwasi, wasiwasi wake ulikuwa sahihi, na aliutoa katika umbo la swali linaloweza kujibiwa kwa neno moja. Mimi nimewahi kufanya hivyohivyo, katika jambo dogo kuliko hilo mara elfu. Tulikuwa tunahamisha kumbukumbu zote kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, na mkuu wetu alipanga ifanyike usiku mmoja. Nilijua kwamba jaribio letu lilichukua saa 11 na usiku huo tulikuwa na saa 8. Nikauliza kikaoni: "Muda utatosha?" Akajibu: "Utatosha." Nikakaa. Asubuhi wateja walifika, mfumo wa zamani umezimwa na mpya haujawaka. Nilikuwa na namba mbili mfukoni nikatoa swali badala yake, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilikuwa nimeonya.

Mwaka uliofuata Tenerife, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya kampuni ya United ilianguka karibu na Portland, Marekani, baada ya kuishiwa mafuta. Rubani alikuwa ameshughulika na tatizo la magurudumu huku ndege ikizunguka angani. Wenzake waliokuwa naye walizigusia namba za mafuta, lakini hakuna aliyemwambia kwa sauti iliyonyooka kwamba muda umekwisha. Watu 10 walikufa. Ajali kama hizi ndizo zilizozaa mafunzo ya namna wahudumu wa chumba cha rubani wanavyopaswa kuzungumza, ambayo United yenyewe iliyaanzisha mwaka 1981 na leo ni ya kawaida katika sekta ya anga. Mdogo hufundishwa kusema wazi, na mkubwa hufundishwa kuomba aambiwe.

Hao walinyamaza. Na wanaosema lakini hawasikilizwi je?

Hilo ni swali gumu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia, akiwemo Roger Boisjoly, walisema waziwazi kwamba chombo cha anga cha Challenger kisirushwe. Kulikuwa na baridi kali, na walihofia kwamba mipira ya kuziba maungio ya roketi haitafanya kazi. Walikuwa na michoro na vipimo. Maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, walionyesha kutoridhika, viongozi wa kampuni wakaomba muda wa kushauriana, na katika mashauriano hayo mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Pendekezo likageuzwa. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwamo walikufa.

Kwa hiyo tusiwalaumu wadogo peke yao kwa kukosa ujasiri. Wale wahandisi walikuwa na ujasiri wa kutosha. Kilichokosekana ni mtu mwenye cheo ambaye, akisikia "hapana" kutoka kwa wanaoijua kazi, huihesabu kuwa taarifa, haihesabu kuwa kikwazo. Kile mkubwa anachofanya na pingamizi la kwanza ndicho kinachoamua kama atalisikia la pili.

Wote wamekubali, mimi peke yangu naona kasoro. Si inawezekana mimi ndiye niliyekosea?

Inawezekana kabisa. Ila usiihesabu idadi yao kuwa ushahidi, maana hujui wangapi kati yao wanajiuliza swali hilohilo.

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini waliokuwa chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi kwa pamoja, isipokuwa mtu mmoja asiyejua. Karibu robo tatu ya watu hao waliopimwa walilifuata kundi angalau mara moja, dhidi ya macho yao wenyewe.

Watu husimulia jaribio hilo na kuishia hapo, kana kwamba linathibitisha kwamba binadamu ni bendera hufuata upepo. Sehemu ninayoipenda ni ile inayofuata. Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi, kufuata kundi kuliporomoka. Mmoja tu. Ukiona kasoro ukaisema, huenda usimbadilishe bosi, lakini yule aliyekaa pembeni yako akitazama meza anaweza kupata ulimi wake.

Nitampingaje bosi bila kumvunjia heshima?

Heshima iweke kwenye namna unavyomwita, sauti unayotumia na wakati unaouchagua. Usiiingize kwenye namba. Watu wengi hufanya kinyume: wanaona haya kusema "saa 11", wanasema "muda kidogo unaweza kuwa mfupi". Bosi aliyeambiwa hivyo hajaheshimiwa, amefichwa.

Anza na lengo mnaloshiriki, kwa sababu mara nyingi ndilo kweli linalowaunganisha. "Mkuu, sote tunataka ripoti itoke tarehe 30. Kwa hesabu nilizonazo haitatoka, na naomba nionyeshe kwa nini." Hapo humwambii amekosea. Unamwambia kuna kitu hakijamfikia. Kisha toa ushahidi mmoja ulio mzito, usitoe saba. Ukitoa saba atajibu ule dhaifu, na mjadala utahamia huko.

Kuwa na pendekezo ni vizuri, lakini usiamini ule usemi kwamba usilete tatizo kama huna suluhisho. Mtu anayenusa moshi haulizwi kama ana ndoo. Ukiwa huna suluhisho, sema hivyo: "Sina jibu bado, ila naona hatari hii."

Kuna maneno ya kuepuka. "Nilishasema tangu mwanzo" hata kama ulisema. "Wote wanalalamika" hata kama wanalalamika. Hujatumwa, na atataka majina. "Kwa heshima zote" nayo imechakaa: kila mtu anajua kinachofuata. Na usianze kwa kuomba radhi mara tatu. Ukiomba radhi kabla ya hoja umeshamwambia msikilizaji kwamba hoja yenyewe ni kosa.

Nimpinge mbele ya watu au faraghani?

Jambo linalohusu mtu, faraghani. Jambo linalohusu kazi ambayo wengine wataitekeleza, mezani, ili nao wasikie na waongeze. Ikiwa unajua hoja yako itamshtua mkubwa, mwonjeshe kabla: "Dada, kesho nitaligusa suala la ratiba, nimeona nikwambie mapema." Hiyo si kuomba ruhusa. Ni kumpa muda wa kufikiri ili asijibu kwa hasira ya kushtukizwa.

Dharura haina faragha. Hapo sema palepale.

Mimi ni mgeni kazini, au mdogo kwa umri na cheo. Si nisubiri nizoee kwanza?

Ukishazoea hutaona tena. Miezi yako ya kwanza ndiyo macho yako ni mapya. Baadaye kile kilichokushangaza utakieleza kwa mgeni mwingine kwa kusema "hapa ndivyo tunavyofanya".

Ugeni unakupa kitu ambacho wakongwe hawana, yaani haki ya kuuliza maswali ya kijinga. Itumie: "Samahani, mimi mgeni, naomba kueleweshwa: kwa nini fomu hii inasainiwa na watu watano?" Mara nyingi utapewa sababu nzuri. Mara nyingine kutakuwa kimya, na kimya hicho kitakuwa kimesema mengi kuliko hoja yoyote ambayo ungeijenga. Angalia tu usichanganye: swali ni zana nzuri pale usipojua. Pale unapojua, toa unachokijua.

Mimi ndiye bosi. Mlango wangu uko wazi, mbona hakuna anayenipinga?

Kwa sababu mlango uko wazi kwako. Kwa wao bado una kizingiti. Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo kazi kubwa ilipo.

Kwanza, unazungumza wa ngapi? Ukianza kwa kusema "mimi naona tufanye hivi, ninyi mnaonaje?", umeshafunga kikao. Zungumza wa mwisho. Baada ya uvamizi ulioshindwa wa Ghuba ya Nguruwe huko Cuba, Aprili 1961, Rais Kennedy wa Marekani alijikuta amepitisha mpango ambao baadhi ya washauri wake walikuwa na mashaka nao. Arthur Schlesinger, mmoja wao, alijilaumu baadaye kwa kunyamaza kwenye vikao vile. Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba, Kennedy alibadili utaratibu: mara nyingine hakuhudhuria kabisa vikao vya washauri wake, ili wabishane bila kutazama uso wake. Wewe huhitaji mgogoro wa nyuklia kwenda kunywa maji nusu saa.

Pili, badili swali. "Kuna mwenye maoni tofauti?" ni swali linalomtaka mtu asimame peke yake. Uliza: "Ni kitu gani kinaweza kutukwamisha hapa?" Sasa kumpinga bosi kumegeuka kumjibu bosi. Gary Klein, mtafiti wa namna watu wanavyofanya maamuzi, ana zoezi zuri la aina hii: waambie watu wajifanye mwaka umepita na mradi umekufa kabisa, kisha kila mmoja aandike umekufa kwa ugonjwa gani. Ni uchunguzi wa maiti kabla ya msiba. Utashangaa mtu aliyekuwa akitikisa kichwa dakika tano zilizopita anavyokuandikia ukurasa mzima.

Tatu, na hili ndilo zito: chunga uso wako pingamizi la kwanza likija. Hakuna anayesikiliza sera yako ya mlango wazi. Wote wanatazama nini kilimpata aliyeingia. Alikatishwa? Alitaniwa? Aliambiwa "wewe una mtazamo hasi"? Au uliandika alichosema, ukauliza swali la pili, na wiki iliyofuata ukarudi kusema "nimelifuatilia lile, ulikuwa sahihi katika hili, katika lile sikukubaliana nawe kwa sababu hii"? Hata ukimkatalia, ukimrudishia jibu amepata faida.

Na usifurahie idara isiyo na matatizo. Amy Edmondson, katika utafiti wake wa hospitalini aliouchapisha mwaka 1996, alitarajia timu zilizo bora ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikisema. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefukiwa.

Vipi tukiteua mtu wa kupinga makusudi kila kikao?

Kanisa Katoliki lilikuwa na cheo hicho, wakili wa shetani, kilichowekwa rasmi mwaka 1587: kazi yake ilikuwa kutafuta sababu za mtu kutotangazwa mtakatifu. Maofisini watu wameliazima wazo hilo. Lina faida ya kuwazoesha watu kusikia "hapana". Lakini Charlan Nemeth, aliyetumia miaka mingi kuchunguza nguvu ya walio wachache, aligundua kwamba mpinzani wa kuigiza hachochei fikra za wenzake kama anavyochochea yule anayeamini kweli anachosema. Watu wanajua ni mchezo. Wanamaliza kumsikiliza, wanapiga makofi kidogo, wanaendelea na mpango wao huku wamejiridhisha kwamba "tumeangalia pande zote".

Kuliko kumteua mtu ajifanye, mtafute yule ambaye tayari hakubali. Yupo. Huwa ni yule anayeandika sana na kusema kidogo.

Nimesema, nimesikilizwa, nimeshindwa. Sasa?

Sasa unabeba mzigo pamoja na wenzako, na unaubeba kweli. Kampuni ya chipu za kompyuta ya Intel, wakati ikiongozwa na Andy Grove, ilijulikana kwa desturi ya kubishana vikali kisha wote kutekeleza, na Amazon wameliandika hilo katika kanuni zao za uongozi: pinga, kisha jitoe kwa moyo wote kutekeleza kilichoamuliwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ila kuna sharti ambalo mabosi hulisahau wanapoinukuu kanuni hiyo. Haki ya kumtaka mtu ajitoe kutekeleza inatokana na kwamba alipewa nafasi ya kupinga kabla. Ukimrukisha hatua ya kwanza, hiyo ya pili inaitwa amri. Amri zina mahali pake pia, lakini ziitwe kwa jina lake.

Kwa upande wako, usiburute miguu ili mpango ufe uonekane nabii. Watu huligundua hilo upesi, na siku utakayokuwa sahihi tena hawatakusikiliza.

Kuna mwenzetu anapinga kila kitu. Huyo naye anajenga?

Mchunguze kabla ya kumpa jina. Wengine hupinga kila kitu kwa sababu jambo moja kubwa waliloliona hawakuwahi kujibiwa, na sasa linatoka kwenye kila ajenda likiwa limevaa nguo nyingine. Kaa naye, muulize ni lipi. Ukilijibu hilo, mengine huweza kupungua yenyewe.

Kama si hivyo, mwekee utaratibu: kila pingamizi lije na kitakachomfanya abadili mawazo. Utaratibu huo huo umhusu kila mtu, ukiwemo wewe. Na tuwe wakweli: mbishi mmoja ni usumbufu, lakini nimeona kazi nyingi zaidi zikiharibiwa na machawa kuliko wabishi.

Tofauti yetu ilianza kwenye kazi, sasa tumekuwa maadui. Ilikuwaje?

Vyungu vikikaa pamoja havikosi kugongana. Swali ni kwa nini vimepasuka. Watafiti, hasa Karen Jehn katika miaka ya 1990, walitenganisha mgogoro wa kazi (tufanye nini, vipi) na mgogoro wa watu (wewe ni mtu gani). Kwa muda ikaaminika kwamba wa kwanza ni dawa na wa pili ni sumu. Mwaka 2003 uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha picha isiyopendeza sana: kwa wastani aina zote mbili ziliendana na utendaji duni. Uchambuzi mpana wa mwaka 2012, uliojumlisha tafiti 116, ulisaidia kueleza sababu: mgogoro wa kazi huelekea kuleta manufaa zaidi pale usipoambatana na mgogoro wa watu. Tatizo ni kwamba hupenda kuambatana.

Mpaka kati yao ni mwembamba na huvukwa kwa sarufi. "Mpango huu una pengo" ni kazi. "Wewe siku zote unaacha mapengo" ni mtu. Sikiliza maneno "wewe", "ninyi wa idara ile", "siku zote" na "hata siku moja". Yakianza kuingia, mjadala umeshahama.

Kurudi nyuma si rahisi, ila kuna jambo linalosaidia: kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomaanisha". Mara nyingi mtagundua mlikuwa mnapigana na kivuli. Mara chache mtagundua kwamba kweli hampatani, na basi, mtapeana salamu na kazi itaendelea.

Tunafanya kazi kwa ujumbe na barua pepe. Kanuni ni zilezile?

Ziongezee moja: mkijibizana mara tatu bila kuelewana, pigeni simu. Maandishi hayana sauti, na msomaji aliyechoka hukutilia sauti mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Na usimjumuishe bosi wa mwenzako kwenye barua ya pili. Hiyo ni sawa na kuita polisi kabla ya kubisha hodi.

Ikiwa jambo linahusu usalama au uvunjaji wa sheria?

Hapo adabu ya vikao inapungua uzito. Katika vyumba vya rubani na vya upasuaji hufundishwa kanuni ya kusema mara mbili: sema wazi, usipojibiwa rudia kwa maneno makali zaidi, ukipuuzwa tena chukua hatua au mwite aliye juu. Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida ana kamba ya kuvuta akiona kasoro, au kwingine siku hizi kitufe cha kubonyeza. Kiongozi wa timu hufika, na ikishindikana kutatuliwa kwa wakati, mstari wa uzalishaji husimama. Nafikiri kamba hiyo ni fundisho zuri kuliko semina nyingi: hakuna anayehitaji kuwa jasiri ili kuvuta kamba ambayo kazi yake ni kuvutwa.

Sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo soma za kwako na mwone mtu wa chama cha wafanyakazi. Lakini msingi wa kimataifa upo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za kuridhisha za kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe dhidi ya madhara yasiyostahili. Mkataba namba 158, wa mwaka 1982, unasema kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi. Mikataba hii huzibana nchi zilizoiridhia. Wewe andika tarehe, ulichosema na uliyemwambia, na nakala uwe nayo.

Ni lini ninyamaze?

Jambo likiwa dogo na linaweza kurekebishwa kesho. Ukiwa na hasira. Ukiwa hujasoma karatasi zilizogawiwa. Ukiwa unataka tu kuonekana ulikuwepo.

Pingamizi lililoshindwa liandikwe kwenye muhtasari wa kikao?

Liandikwe. Majaji wamelijua hili siku nyingi: anayetofautiana na wenzake huandika hukumu yake na huhifadhiwa pamoja na ya walio wengi. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliporuhusu ubaguzi wa rangi kwenye mabehewa ya treni, jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga. Alishindwa. Mwaka 1954 mahakama hiyohiyo ilipoharamisha ubaguzi katika shule za umma, maandishi yake yalikuwa bado yapo, yakisomwa.

Kikao chenu cha Jumatatu si mahakama, kwa hiyo sentensi mbili zinatosha: nini kilihofiwa, na dalili gani itaonyesha kwamba hofu ilikuwa sahihi. Kwa mfano: "Ilielezwa kwamba wasambazaji wawili hawatoshi. Maagizo yakichelewa zaidi ya siku 5 mara mbili mfululizo, suala lirudi kikaoni." Jina la aliyesema si lazima liandikwe, mwulizeni mwenyewe. Tarehe ya kulirudia ndiyo isikosekane.